Kabla ya Kununua Seva: Hakikisha Inapatana na Vifaa Ulivyonavyo

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, seva si kifaa cha mashirika makubwa pekee. Chama cha akiba na mikopo kinayo. Kituo cha afya kinayo, shule ya sekondari yenye chumba cha kompyuta inayo, na mfanyabiashara wa jumla mwenye maduka mawili au matatu huenda anayo pia, japokuwa yeye huiita tu "mashine ya ofisini". Mara nyingi ni kompyuta moja iliyowekwa chini ya meza ya mhasibu, imefunikwa kitambaa kwa ajili ya vumbi jekundu, na hakuna anayeikumbuka mpaka siku inapogoma kuwaka. Siku hiyo ndipo ofisi hutambua kwamba leja, majalada ya wagonjwa au orodha ya madeni vyote vilikuwa ndani ya sanduku hilo moja.

Hatua inayofuata huwa ni kutafuta nyingine kwa haraka. Mnunuzi huuliza bei, huuliza ukubwa wa kumbukumbu, huuliza ukubwa wa diski. Swali ambalo huulizwa mara chache, na ambalo makala hii inakusudia kulifafanua, ni hili: je, seva hiyo mpya itakubali diski, printa, mizani, programu na umeme ambavyo ofisi tayari inavyo?

Mwandishi wa makala hii aliwahi kuelezwa mkasa wa chama kimoja cha akiba na mikopo cha ukanda huu, na kuonyeshwa vifaa vyenyewe. Jina la chama si la lazima hapa. Seva yao ilikuwa na diski nne. Usiku mmoja umeme ulikatika na kurudi mara tatu kwa mfululizo, na asubuhi ubao mkuu wa seva ulikuwa umekufa. Diski hazikuwa na kasoro yoyote. Bodi iliidhinisha ununuzi wa dharura, na seva iliyotumika, kubwa zaidi na ya miaka ya karibuni zaidi, ikanunuliwa Dar es Salaam kwa shilingi milioni nne na nusu pamoja na usafiri. Ilifika kwa basi. Fundi alipotaka kuhamisha diski, trei zake hazikuingia kwa sababu watengenezaji walikuwa tofauti. Alipozifungua diski kutoka kwenye trei na kuzifunga kwenye trei mpya, ziligoma kuchomeka kwa sababu seva mpya ilikuwa ya diski za SATA na zile zilikuwa za SAS. Alipopata kadi ya SAS kwa njia nyingine, kadi hiyo ikaziona diski zote nne kama diski tupu, na kioo kikamuuliza kama anataka kuziandaa upya.

Kwa bahati njema hakubonyeza. Alimwita mhasibu na kumwambia, "Mama, nikikubali hapa, leja yote inafutika." Wakazima mashine.

Kwa siku kumi na moja chama hakikuweza kumwambia mwanachama yeyote salio lake. Ilikuwa Januari, mwezi wa ada za shule na mahitaji ya wanafunzi. Wanachama waliombwa kuleta vitabu vyao, na waliokuwa wamevipoteza walisubiri. Mwishowe tatizo lilitatuliwa kwa njia ambayo ingewezekana tangu siku ya kwanza: chama kilinunua seva nyingine kuukuu ya toleo lilelile lililokufa, kwa bei isiyofika milioni moja, diski zikahamishwa kwa mpangilio uleule, na leja ikasomeka. Ile ya milioni nne na nusu ilibaki ofisini ikisubiri kazi.

Kwa nini diski njema hukataliwa

Mkasa huo una mambo matatu tofauti ndani yake, na ni vyema kuyatenganisha, kwa kuwa muuzaji anaweza kukuhakikishia moja akanyamazia mawili.

La kwanza ni umbo. Trei ya diski ya Dell haiingii katika seva ya HP, na hata ndani ya mtengenezaji mmoja trei hubadilika kutoka kizazi hadi kizazi. Diski zenyewe zipo za upana wa inchi 3.5 na za inchi 2.5. Hili ni tatizo dogo kuliko yote, kwani trei hununuliwa, lakini ni lazima lijulikane kabla mzigo haujasafiri zaidi ya kilomita 1,000.

La pili ni aina ya muunganiko. Seva iliyotengenezwa kwa diski za SAS kwa kawaida hukubali pia diski za SATA. Kinyume chake si kweli: sehemu ya SATA haipokei diski ya SAS, na plagi yake imeumbwa kwa makusudi isiingie. Hivyo basi, ofisi yenye diski za SAS isikubali jibu la jumla kwamba "inachukua diski zote". Aina ya diski huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake. Isome, au piga picha.

La tatu ndilo lenye hatari, na ndilo lisiloonekana kwa macho. Katika seva nyingi diski hazifanyi kazi moja moja. Kadi maalumu ya kudhibiti diski huzifunga pamoja kwa utaratibu uitwao RAID, ambapo taarifa hukatwa vipande na kusambazwa juu ya diski zote ili moja ikifa kazi iendelee. Katika mpangilio wa RAID 5 wenye diski nne, kwa mfano, hakuna diski hata moja iliyo na leja kamili. Kila moja ina sehemu, na ramani ya kuziunganisha inafahamika kwa kadi. Kadi ya mtengenezaji mwingine haielewi ramani hiyo. Kadi ya familia ileile kwa kawaida huweza kuisoma kutoka kwenye diski zenyewe na kuipokea. Ndiyo maana seva kuukuu ya bei ndogo iliokoa kile ambacho seva ya bei kubwa ilishindwa.

Kanuni inayotokana na hayo ni kwamba diski za RAID zisitegemewe kuwa ndiyo njia ya kuhamisha taarifa. Njia ya kuhamisha ni nakala rudufu, yaani nakala iliyohifadhiwa kwenye diski ya nje na kujaribiwa kuisoma. Ofisi yenye nakala rudufu ya jana inaweza kununua seva ya mtengenezaji yeyote. Ofisi isiyo nayo imefungwa kwa kadi yake ya zamani, hata kama haijui.

Kuhusu diski mpya kuwekwa kwenye seva ya zamani, jambo ambalo nalo hutokea sana, kuna mipaka miwili. Seva inayowaka kwa mfumo wa kale wa BIOS kwa kawaida haiwezi kuwaka kutoka kwenye diski iliyozidi terabaiti 2 kwa kiwango cha kutumika, hata kama diski imeingia na inaonekana. Inahitaji mfumo mpya zaidi wa UEFI. Aidha, zipo diski kubwa za siku hizi zinazogawanya taarifa kwa vipande vya baiti 4,096 badala ya 512 vya zamani. Nyingi huigiza mtindo wa zamani na hazina shida, lakini zile zilizoandikwa 4Kn haziigizi, na kadi nyingi za zamani hazitazitambua.

Kumbukumbu, ambayo mafundi wengi huiita ramu, ina masharti makali zaidi lakini maelezo yake ni mafupi. Seva za miaka ya 2012 na 2013 hutumia DDR3. Kuanzia 2014 zilikuja za DDR4, na kuanzia mwisho wa 2022 na mwaka 2023 zikaja za DDR5. Hakuna inayoingia mahali pa nyingine, kwani pengo la kwenye ubao limewekwa sehemu tofauti. Vilevile, ramu ya kompyuta ya kawaida ya mezani haitumiki katika seva nyingi, na aina mbili za ramu za seva zenyewe hazichanganywi katika mashine moja. Muuzaji akikuambia kwamba utahamisha ramu zako za zamani, mwombe aandike hivyo kwenye ankara kifani. Mara nyingi hapo ndipo usemi hubadilika.

Printa ya vitabu, mizani na mashine ya maabara

Ofisi zetu zina vifaa vya pembeni vilivyodumu kuliko kompyuta zilizowahi kuviendesha. Printa ya matriki inayopiga vitabu vya wanachama ni mfano mzuri. Ina kelele, ina utepe wa wino, na haijaharibika kwa miaka kumi na tano. Mizani ya kielektroniki ya ghala la mazao na mashine ya kupima damu katika maabara ni za kundi hilohilo. Nyingi kati ya hizi huunganishwa kwa tundu la pini 25 la printa au tundu la pini 9 la mawasiliano ya mfululizo.

Seva za siku hizi hazina tundu la pini 25. Tundu la pini 9 lipo katika baadhi yake, moja tu, na katika nyingine huuzwa kama nyongeza. Zipo kebo za kugeuza kutoka USB, nazo hufaa mara nyingi, ila zina mtego. Programu za kihasibu za zamani zilizoandikwa kutuma maandishi moja kwa moja kwenye tundu la printa hazitaiona printa iliyopita njia ya USB, ijapokuwa programu ya kuandika barua itachapa bila taabu. Kwa hiyo majaribio yafanywe kwa programu ileile inayotumika kila siku. Ukurasa wa majaribio wa printa hauthibitishi chochote kuhusu kitabu cha mwanachama.

Pale ambapo kebo ya kugeuza haifai, upo ufumbuzi usiopendeza machoni lakini wa uhakika: kuiacha kompyuta moja ya zamani iendelee kuhudumia printa au mizani, na seva mpya ifanye kazi nyingine. Hakuna aibu katika hilo. Kinachotakiwa ni kompyuta hiyo iingizwe kwenye hesabu za ofisi, ipatiwe nakala rudufu, na isiunganishwe na intaneti bila sababu.

Mashine za kunakili na kuskani nazo huleta malalamiko ya aina moja. Ofisi hubadilisha seva, na siku ya pili mashine ya kuskani haipeleki tena nyaraka kwenye folda ya pamoja. Fundi hulaumiwa, naye hulaumu waya. Sababu ya kweli kwa kawaida ni kwamba mashine za miaka ile huzungumza na seva kwa utaratibu wa zamani uitwao SMB1, ambao tangu mwaka 2017 Microsoft imeacha kuuweka katika matoleo mapya ya mfumo wake. Uamuzi huo haukuwa wa kusumbua watu. Mwezi Mei mwaka huohuo, kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kwa kupitia kasoro ya utaratibu huo na kufunga kompyuta za hospitali na ofisi katika nchi nyingi. Fundi anaweza kuuwasha tena kwa dakika chache, lakini hilo ni sawa na kurudisha mlango ulioondolewa kwa sababu wezi waliutumia. Njia bora ni kuuliza kama mashine ya kuskani inaweza kupata programu ya ndani iliyoboreshwa, au kuifanya ihifadhi nyaraka kwenye kadi ya USB.

Programu ya zamani juu ya chuma kipya

Hapa ndipo wanunuzi wengi hushangaa, kwa kuwa wamezoea kufikiri kwamba kompyuta mpya huendesha chochote. Ukweli ni kwamba mtengenezaji wa seva mpya hutoa draiva kwa mifumo endeshi ya wakati wake. Windows Server 2008 R2 iliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Windows Server 2012 na 2012 R2 zilifuata tarehe 10 Oktoba 2023. Ukinunua seva ya karibuni na kutaka kuweka humo mfumo wa 2008 kwa sababu programu yako ya mikopo inaudai, huenda usakinishaji ukasimama pale ambapo mfumo hauoni diski hata moja.

Programu zilizotungwa enzi za DOS, ambazo bado zinafanya kazi katika maduka na vyama kadhaa nchini, zina kizuizi kingine: mifumo ya Windows ya biti 64 haiziendeshi kabisa, na matoleo yote ya Windows Server kuanzia 2008 R2 ni ya biti 64. Ufumbuzi unaotumika ni kuunda kompyuta ya kufikirika ndani ya seva mpya na kuweka mfumo wa zamani humo, ukiwa umefungiwa usifike kwenye intaneti. Kazi hiyo ina gharama yake ya ufundi, na gharama hiyo iwe sehemu ya bei tangu mwanzo.

Wanaochagua Linux kwa kuwa haina ada ya leseni nao wasidhani wamekwepa jambo hili. Red Hat Enterprise Linux 8, iliyotolewa mwaka 2019, iliondoa draiva za kadi nyingi za zamani za kudhibiti diski. Mfumo ni wa bure au wa nafuu, lakini kadi yako inaweza kuwa haimo.

Uhakiki unaanza kwa kibandiko kidogo kilichopo kwenye mwili wa seva. Kwa seva za Dell kina namba ya huduma yenye herufi na tarakimu saba. Kwa HP kuna namba ya mfululizo. Mwombe muuzaji akutumie picha yake kabla hujalipa. Ukiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji utaona mashine ilitoka kiwandani na nini, ni mifumo endeshi ipi imethibitishwa kwake, na kama dhamana yake bado hai. Jambo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Tangu Februari 2014, HP iliweka utaratibu kwamba programu kadhaa za ndani za seva zake za ProLiant zipakuliwe na mwenye dhamana au mkataba wa huduma. Mnunuzi wa mtumba asiye na kimojawapo anaweza kubaki na mashine isiyoboreshwa, na wakati mwingine ni maboresho hayohayo yanayofanya diski mpya au ramu mpya ikubalike. Muuzaji aulizwe waziwazi: maboresho yamewekwa hadi tarehe gani, na nani atayaweka baadaye?

Umeme, kabati na chumba

Wenyeji wa Ngara na Biharamulo wanakumbuka miaka ambayo umeme wa TANESCO mjini ulitoka kwenye jenereta za dizeli, kabla ya gridi ya taifa kufika. Leo mtambo wa Rusumo wa megawati 80, ambao umeme wake hugawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, uko mpakani mwa Ngara. Hata hivyo, ukaribu wa mtambo si kinga dhidi ya umeme kukatika kwenye njia ya kijiji au kupanda na kushuka wakati wa mvua na radi, na vifaa vingi vya ofisi vilinunuliwa kwa mazingira ya jenereta.

Seva nyingi hukubali umeme wa volti 100 hadi 240, hivyo volti 230 zetu hazina tatizo. Zipo hata hivyo seva zilizoondolewa kwenye minara na vituo vya simu ambazo ugavi wake wa umeme ni wa volti 48 za betri. Huuzwa kwa bei ya kuvutia, na hazitawaka ofisini kwako. Soma kibandiko cha ugavi wa umeme.

UPS ya zamani nayo ipimwe upya. Kifaa cha VA 650 kilichohifadhi kompyuta ya mezani hutoa takriban wati 390 au pungufu, na betri yake baada ya miaka mitatu hutoa muda mfupi zaidi. Baadhi ya UPS za bei nafuu hutoa umeme wa mawimbi yaliyokatwa kwa ngazi, na ugavi wa umeme wa seva unaweza kuyakataa, mashine ikazimika sekunde ileile UPS inaposhika kazi. Jaribio ni rahisi: seva ikiwa imewaka na haina taarifa za thamani, chomoa UPS ukutani. Afadhali ujue mbele ya muuzaji kuliko usiku wa mvua.

Matumizi ya kila mwezi nayo ni sehemu ya bei. Seva kuukuu yenye vichakataji viwili inayovuta wati 150 mfululizo hutumia uniti 108 kwa siku 30. Kompyuta ya mezani inayovuta wati 50 hutumia uniti 36. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya uniti unayonunua, kisha kwa miezi 36, na utaona kwamba seva ya bure inaweza kuwa ghali. Kwa maoni ya mwandishi, duka la jumla au zahanati yenye watumiaji watano haihitaji mashine ya vichakataji viwili iliyotoka kwenye kituo cha taarifa cha Ulaya. Inahitaji mashine ndogo, nakala rudufu mbili, na UPS yenye betri nzima.

Kabati pia lipimwe kwa futi kamba. Upana wa seva za kabati ni inchi 19 na hilo halina mjadala, lakini kina hutofautiana sana. Kabati dogo la ukutani lililofungwa kwa ajili ya swichi ya mtandao lina kina cha sentimita 45 au 60. Seva nyingi za kabati zina kina cha sentimita 70 au zaidi. Mlango hautafunga, na uzito wake haukukusudiwa kwa skrubu za ukutani.

Kununua wapi, na kwa maandishi gani

Mnunuzi wa wilaya hizi ana njia kadhaa: Mwanza, ambako tangu Juni 2025 safari hupita juu ya daraja la Kigongo–Busisi badala ya kungoja kivuko, Dar es Salaam kwa mzigo wa basi au lori, au ng'ambo ya mpaka kupitia Rusumo na Kabanga. Umeme wa Rwanda na Burundi hauko mbali na volti 230 zetu, na waya wa seva huchomolewa, hivyo tofauti ya plagi ni ya shilingi elfu chache. Ugumu wa kununua ng'ambo uko katika kurudisha. Seva isiyopatana italazimika kuvuka tena forodhani, na muuzaji aliye nje ya nchi hafikiwi kwa urahisi na sheria zetu za kumlinda mtumiaji. Endapo utanunua huko, tunza nyaraka za forodha na risiti, na jaribu mashine papo hapo ukiwa na diski moja isiyo na taarifa, ya aina ileile uliyonayo ofisini.

Kwa ununuzi wa ndani ya nchi, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kusudi la bidhaa na kutegemea ujuzi wake: bidhaa inapaswa kufaa kwa kusudi hilo. Lakini sheria hiyohiyo ina sharti ambalo wengi hawalijui. Ukiagiza kitu kwa jina lake la kibiashara pekee, kinga hiyo ya kufaa kwa kusudi maalumu haikuhusu. Anayeandika "naomba seva moja ya Dell R720" ameagiza jina, na akiletewa jina hilo ameletewa alichoagiza. Anayeandika hivi yuko mahali tofauti kabisa: "Tunahitaji seva itakayopokea diski nne za SAS za inchi 3.5 tulizonazo, kuendesha programu yetu ya mikopo inayotumia Windows Server 2012, na kuchapa kwenye printa yenye tundu la pini 25. Tafadhali thibitisha kwa maandishi kwamba mashine unayopendekeza inakidhi mahitaji haya." Ambatisha picha za vibandiko. Jibu la muuzaji, hata likija kwa ujumbe wa simu, lihifadhiwe pamoja na ankara kifani na risiti ya EFD.

Muuzaji akitoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inahusika, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Anza hata hivyo kwa muuzaji mwenyewe, kwa barua, ukieleza ulichoagiza, ulichopokea na unachotaka kitendeke. Taasisi za umma zina utaratibu wao wa manunuzi kupitia mfumo wa NeST, na sifa za kupatana na vifaa vilivyopo ziingizwe kwenye maelezo ya zabuni yenyewe. Zikisahaulika hapo, mzabuni wa bei ya chini hatakuwa amekosa.

Malipo yagawanywe inapowezekana, sehemu ya mwisho ikilipwa baada ya majaribio ofisini kwako. Wauzaji wengi wa vifaa vilivyotumika hukubali siku saba au kumi na nne za kurudisha endapo litaandikwa kabla ya fedha kutoka, na hukataa wakiombwa baadaye.

Seva mpya ikishawaka, ya zamani isizimwe siku hiyohiyo. Ziendeshwe sambamba mpaka hesabu za mwisho wa mwezi zitoke sawa kwenye zote mbili, salio kwa salio. Baada ya hapo, ya zamani inaweza kuuzwa au kugawiwa shule, lakini bila diski zake. Diski hizo zina majina, namba za simu, madeni na pengine magonjwa ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamwajibisha aliyezikusanya. Wakati wa kuzitoa, kila diski iandikwe kwa kalamu isiyofutika namba ya nafasi iliyokuwamo, 0, 1, 2, 3, pamoja na jina la seva na aina ya kadi, kisha zifungiwe kwenye kabati la fedha hadi Bodi au mmiliki atakapoamua kwa maandishi ziharibiwe.